Neno Moja la Kiingereza Lililoandikwa kwenye Kibao Chetu

 

Katika toleo hili nataka tutafakari pamoja neno moja la Kiingereza. Msishangae. Wengi wetu tulilijua neno hili kabla hatujajua hata kumsalimia mtu kwa Kiingereza. Ni neno "settle". Kutoka kwake limezaliwa "settlement", yaani setilimenti, mahali hapa tunapoishi. Limezaliwa pia "resettlement", ile safari ya ng'ambo ambayo baadhi yenu mmeisubiri miaka kumi na zaidi. Limeandikwa kwenye kibao cha barabarani na kwenye karatasi za familia, na watoto wetu wanalitamka kama neno walilozaliwa nalo.

Sasa, ndugu wanaohudhuria darasa la Kiingereza jioni pale kanisani wananiletea swali. Wanasema, Mchungaji, neno hili tunalikuta kila mahali na kila mahali lina kazi nyingine. Mara ni kulipa deni, mara ni kumaliza ugomvi. Pengine ni tope kushuka chini ya maji, au ni mtoto kutulia baada ya kulia. Ndege akitua kwenye tawi, ni hilo hilo. Inakuwaje?

Swali ni zuri, na jibu lake limenipa chakula cha roho. Wanaochunguza historia ya Kiingereza wanasema neno hili lina mizizi miwili. Mzizi wa kwanza ni kiti. Zamani sana lilikuwa neno la mahali pa kukalia, na mpaka leo Waingereza wana benchi la mbao lenye mgongo mrefu wanaloliita kwa jina hilo. Mzizi wa pili ulikuwa neno jingine kabisa, lenye maana ya kupatanisha watu. Maneno hayo mawili yalikaribiana kwa sauti hata yakaungana kuwa moja. Basi ndani ya jina la mahali petu kuna mambo mawili: kukaa, na kupatana. Nawauliza, je, katika haya mawili sisi tuna lipi?

Kiswahili chetu kimeyagawa mambo hayo katika maneno mengi. Tuna kaa, na kutoka hapo makazi. Tuna tua, kama mtu anavyotua mzigo kichwani, na kutoka hapo kituo. Tulia na tuama ni ndugu zake. Tuna pia lowea, yaani kuhamia nchi ya watu na kukaa huko moja kwa moja, na anayefanya hivyo ni mlowezi. Hilo la mwisho halina harufu nzuri, nanyi mnajua sababu. Kule Kenya, Wazungu waliochukua mashamba ya nyanda za juu wakati wa ukoloni waliitwa masetla. Nalo ni neno letu hili hili! Walikaa, lakini walikaa kwa kumwondoa mwenye shamba. Naomba tulikumbuke hilo tunapogombana na wenyeji juu ya mipaka ya mashamba na ng'ombe kuingia kwenye mihogo. Ardhi hii tumepewa tuitumie, hatukupewa tuiuze. Na hata Waisraeli katika nchi yao wenyewe waliambiwa na Mungu kwamba ardhi ni yake, wao ni wageni kwake (Law. 25:23).

Sasa twende kwa Yeremia, maana hapo ndipo penye moyo wa jambo.

Mfalme wa Babeli aliwachukua Wayahudi wa kwanza uhamishoni pamoja na mfalme wao Yekonia. Baada ya muda akatokea nabii mmoja, jina lake Hanania, akasimama hekaluni mbele ya watu wote akatangaza kwamba miaka miwili tu ikipita, vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, na wahamishwa wote watarudi. Akaishika nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja. Hebu fikirini shangwe ya siku ile. Na angalieni, Yeremia mwenyewe alijibu Amina, kwamba laiti Bwana angefanya hivyo (Yer. 28:6). Mtumishi wa Mungu hakuwa adui wa habari njema. Naye alitamani ndugu zake warudi. Lakini Bwana hakuwa amemtuma Hanania, na Hanania alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

Ndipo Yeremia akaandika barua. Aliituma kwa mkono wa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, ikaenda mpaka Babeli, na ndiyo sura ya 29. Ndani yake Bwana anawaambia wahamishwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe, waolewe, waoze watoto wao, waongezeke wala wasipungue. Waitakie amani nchi ile waliyomo na kuiombea, kwa kuwa katika amani yake na wao watapata amani. Kisha anawapa hesabu: miaka 70.

Sabini! Maana yake baba wa miaka arobaini aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua kwamba yeye hatarudi. Wajukuu watarudi. Si ajabu kwamba mtu mmoja huko Babeli, Shemaya, alikasirika akaandika barua kwenda Yerusalemu kulalamika kwamba kwa nini Yeremia hajafungwa, mtu anayewaambia watu kwamba uhamisho ni mrefu na kwamba wajenge nyumba (Yer. 29:24-28). Neno la kukaa liliwachukiza. Walidhani kujenga ni kukubali kushindwa, na kupanda mti wa matunda ni kuisaliti Yerusalemu.

Wapendwa, mimi ninawaona akina Shemaya hapa kwetu, na sitawacheka, maana maumivu yao nayajua. Kuna familia ambayo kiwanja chake kimeota majani tangu siku ya mahojiano ya kwanza. Kijana wa nyumba nyingine amekatazwa kuoa ili asiharibu kesi. Binti mwingine ameachishwa ushonaji kwa sababu ng'ambo atasoma vizuri zaidi, na tangu aachishwe imepita miaka mitano. Na kuna wale waliokuwa wamefika mwisho kabisa, wamepimwa hospitali, wamepewa tarehe, wamegawa masufuria yao kwa majirani. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani akatia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na katika siku zile zile safari zilizokuwa tayari zikafutwa. Wengine wenu mlirudi kuomba sufuria mlilogawa wenyewe. Jambo hili linaumiza, na kanisa halina haki ya kulipita haraka kwa wimbo mmoja na maombi mafupi.

Lakini tangu wakati ule Hanania ameongezeka. Ana simu, ana ujumbe wa sauti, ana ndoto aliyoiota usiku. Mwezi huu anasema Kanada wameomba majina, mwezi ujao Australia. Mwingine anaomba hela kidogo ili ausogeze faili lako mbele. Huyo si nabii hata wa uongo, ni mwizi tu, na tena huduma za wakimbizi hazilipiwi. Nasema wazi: mtu akikuomba fedha kwa ajili ya kesi, mripoti.

Sisemi mtu afute kesi yake. Mlango ukifunguka, nenda kwa amani, tutakusindikiza kwa nyimbo mpaka kwenye basi. Ninachosema ni kwamba Yeremia hakuwaambia wasahau nyumbani. Barua ile ile inayosema pandeni inasema pia kwamba Bwana atawarudisha (Yer. 29:10). Mambo haya mawili yanakaa katika barua moja, na mtu anaweza kuyabeba yote mawili katika kifua kimoja. Mwembe ukiupanda leo na mwaka kesho ukaitwa, jirani atakula maembe. Kuna hasara gani hapo?

Na hesabu ya chakula tunaijua sote. Mwaka 2023 tuligawanywa katika makundi ya mgao, na mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, watu wengi sana hapa Uganda waliondolewa kabisa kwenye orodha. Jembe limekuwa neno la Mungu kwa njia yake.

Turudi kwenye neno letu. Mama anapochota maji ya ziwa au ya bwawa wakati wa mvua, yanakuja na rangi ya chai ya maziwa. Anayaweka kwenye jerikani usiku, hayaguswi, na asubuhi tope limeshuka chini. Waingereza wanasema maji yame-settle, sisi tunasema yametuama. Juu ni safi kwa macho. (Kwa macho tu! Wahudumu wa afya wanatukumbusha tuyachemshe, na naomba tuwasikie, maana kipindupindu hakijali mtu ameokoka au hajaokoka.) Lakini tope lile halijatoka. Liko pale pale chini, na mtoto akiipiga jerikani teke, maji yote yanakuwa kama jana. Ndiyo maana mama mwenye akili hayaachi pale. Anayamimina polepole katika chombo kingine na kuliacha tope nyuma.

Biblia inalijua jambo hili. Katika Yer. 48:11 nabii anasema juu ya Moabu, jirani wa Israeli, kwamba tangu ujana wake amestarehe, ametulia juu ya sira zake kama divai, hakumiminwa chombo hata chombo, wala hakwenda uhamishoni, na kwa sababu hiyo ladha yake ni ile ile na harufu yake haikubadilika. Tafsiri ya zamani ya Kiingereza, ile ya mwaka 1611, inatumia hapo hapo neno letu la "settle". Watengeneza divai walijua kwamba divai ikiachwa mno juu ya sira inaharibika, kwa hiyo waliimimina kutoka chombo hiki hadi kile.

Niliposoma mstari huo kwa makini nilisimama. Nani amemiminwa kuliko sisi? Wengine mlivuka Bunagana kwa miguu, wengine Ziwa Albert kwa mitumbwi. Kutoka kijijini kwenda msituni, kutoka msituni kwenda mpakani, kituo cha mapokezi, lori, halafu hapa. Sitathubutu kusema kwamba Mungu alileta vita ili atuboreshe. Waliochoma nyumba zetu watajibu wenyewe mbele zake, wala hawakuwa wafanyakazi wake. Ila naweza kuuliza hivi: tukiwa tumekwisha kumiminwa, kwa nini tumekuja na sira?

Mnajua ninachokisema. Ibada ya Jumapili inaanza, na kabla sijafungua Biblia naweza kuona kwa kukaa kwenu nani ni wa kabila gani. Upande huu wa hawa, upande ule wa wale. Kwenye bomba la maji ugomvi wa jerikani unaanza kwa zamu na unaishia kwa maneno tuliyoyasikia kule, siku za mwanzo, kabla ya mapanga. Watoto waliozaliwa hapa, ambao hawajawahi kuiona Kongo, wanayajua maneno hayo. Nani amewafundisha? Tumewaficha habari za kuuawa kwa babu yao, tukawapa chuki bila kuwapa hata habari yenyewe. Kwa nje tumetuama. Wageni wanaotutembelea wanasema hapa pametulia sana. Lakini mtu mmoja akiipiga jerikani teke tu, basi.

Hapa ndipo ule mzizi wa pili unapotudai, mzizi wa kupatana. Bwana Yesu anasema ukiwa umeleta sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache, uende ukapatane naye kwanza. Tena patana na mshitaki wako upesi, mkiwa bado njiani (Mt. 5:23-26). Mkiwa bado njiani! Nasi, wapendwa, ni watu wa njiani. Wengine watasafirishwa, wengine watarudi, wengine tutazikwa hapa, na kila mwaka kuna watu wawili wanaoachana bila kusemezana.

Katika maneno hayo Bwana anataja senti ya mwisho, na kwa kweli kwa Kiingereza kulipa deni na kumaliza ugomvi ni neno hili hili moja. Mnaodaiwa dukani, najua hali ilivyo. Mgao ulipokatwa madeni hayakukatwa. Lakini kuzunguka njia ya nyuma ili mwenye duka asikuone hakulipi hata shilingi. Nenda kwake, mwambie ukweli, mpe hata elfu moja. Na ninyi wenye maduka, wengine wenu ni washirika wa kanisa hili, mnashika kadi za mgao za watu kama rehani. Torati inakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wake (Kum. 24:6). Na vazi la maskini lilitakiwa lirudishwe kabla jua halijatua, maana atalala na nini (Kut. 22:26-27)? Kadi ya mgao ni jiwe la kusagia la hapa kwetu. Naomba zirudi kwa wenyewe. Deni libaki, tutasaidiana kulipanga, lakini kadi irudi.

Sasa neno kwa wale ambao mioyo haijatua. Tuna mama ambaye akisikia pikipiki usiku anaamka na kukusanya watoto. Tuna wazee wasioongea. Tumezoea kuwaambia tulia, mwachie Mungu, yamepita. Mimi nadhani tunalitumia neno hilo haraka mno. Ezekieli alipofika kwa wahamishwa wa Tel-abibu, kando ya mto Kebari, hakuhubiri. Aliketi pale walipoketi, siku saba, katikati yao, akiwa ameshangaa sana (Eze. 3:15). Nabii mzima, aliyeona kiti cha enzi cha Mungu, siku saba bila neno. Na Elisha je? Katika 2 Fal. 8:11 alimkazia macho Hazaeli, na tafsiri ile ya Kiingereza inasema tena "settle", aliutuliza uso wake juu ya mtu yule. Kisha mtu wa Mungu akalia, kwa sababu aliyaona mambo ambayo Hazaeli angekuja kuyatenda kwa vijana, kwa watoto na kwa wanawake wenye mimba. Uso uliotulia ulikuwa pia uso wenye machozi. Kwa hiyo mama, ukilia kanisani hakuna mzee atakayekunyamazisha. Na Daudi anapoifananisha nafsi yake na mtoto aliyeachishwa ziwa, ametulia kwa mama yake (Zab. 131), tukumbuke kwamba mtoto huyo alilia usiku mwingi kabla ya kufika hapo, na mama hakumwacha peke yake.

Mtume Petro naye aliwaandikia watu wa aina yetu. Anawaita wageni waliotawanyika, huko Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia (1 Pet. 1:1), na salamu zake anasema zinatoka Babeli (5:13). Karibu na mwisho wa barua anawaahidi kwamba baada ya kuteswa kwa muda Mungu mwenyewe atawatengeneza na kuwaimarisha, na neno la mwisho katika orodha ile, kwa Kiingereza cha 1611, ni "settle" (5:10). Kwa Kigiriki, tulivyofundishwa chuoni, ni neno la mjenzi anayeweka msingi. Nyumba zetu hapa ni miti, udongo na turubai, na kila mvua kubwa inatukumbusha. Petro anasema kuna msingi unaowekwa chini ya watu wenyewe, si chini ya nyumba, na anayeuweka ni Mungu. Mtu wa namna hiyo ukimhamisha anahama na msingi wake.

Mvua zimeanza kunusa. Katika Zab. 65:10 mtunzi anamsifu Mungu anayeinywesha mifereji ya shamba na kuyasawazisha matuta yake, na huko nako watafsiri wale wa zamani wameliweka neno letu. Idara ya akina mama wamehifadhi mbegu za maharage kutoka mavuno yaliyopita. Familia ambazo kiwanja chao kimelala, zikajiandikishe kwao kabla ya Jumatano, na vijana wameahidi kusaidia kulima kwa wajane na wazee.

Jumapili ya kwanza ya mwezi tutashiriki Meza ya Bwana. Jumamosi yake, kuanzia saa tatu asubuhi, wazee wa kanisa watakaa chini ya mti pale nje, na benchi mbili zitawekwa zikitazamana. Mwenye neno na mwenzake aje naye, au aje peke yake tutume mtu kumwita. Wenye maduka, njooni na zile kadi.

Mchungaji wenu katika Bwana